Mashine Iliyo Chini ya Kitanda

Goma, Jumapili 9 Septemba 2012

Mvua ya kwanza imetukuta kanisani. Naanza kuandika kwa sababu nimechoka kugombana na Hilaire kwa mdomo. Kwenye karatasi hawezi kunijibu.

Hali yenyewe ni hii. Mimi ni mkunga katika posti ya afya ya kambi ya wakimbizi, kwenye barabara ya Rutshuru. Mume wangu ni fundi wa kubuni vitu, na ukutani mwetu zimetundikwa brevet tatu. Brevet ni karatasi ya serikali, inatoka Kinshasa, inasema kitu hiki kimetoka katika kichwa cha mtu fulani na asikiige mwingine bila idhini yake. Ya kwanza ni ya mbabula, jiko la mkaa, inayokula mkaa kidogo. Ya pili ni ya breki ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Ya tatu ni ya mti wa kutundikia serumu ya mgonjwa, yaani dripu, unaokunjwa na kubebwa begani. Ingekuwapo ya nne, ya bomba lisilovuja la bidoni, dumu la maji, lakini hilo alilieleza kwa sauti kwenye simu, katikati ya soko la Birere, kabla ya kupeleka karatasi. Mwaka uliofuata mabomba yaleyale yalijaa sokoni, yametoka ng'ambo, na jina lake halikuwamo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa ametengeneza mashine ya kuwanyonya maji watoto wanaozaliwa bila kulia. Inakanyagwa kwa mguu, haitaki umeme. Ndani mna pampu ya baiskeli aliyoigeuza ivute badala ya kusukuma, chupa ya kupokea uchafu, na kivalvu alichokichonga mwenyewe ili mvuto usizidi ukamwumiza mtoto koo. Nimeijaribu kwa maji ya uji, inafanya kazi. Iko chini ya kitanda chetu, juu yake gunia. Siruhusiwi kuipeleka kazini mpaka Kinshasa waipokee, kwa sababu kitu kikionyeshwa mbele ya watu kabla ya hapo, haki imepotea.

Kwenye posti nina mpira mmoja wa kunyonyea kwa mkono, na umepasuka.

Jumanne 11 Septemba

Mvua. Matope hadi magotini.

Jumamosi 15 Septemba

Nimebandika mpira wangu kiraka cha tairi. Unavuta kidogo, kisha unapumua pembeni kama mtu mwenye pengo. Hilaire aliniona nikiubandika, akaleta gundi iliyo bora zaidi. Nilitaka kumrushia hiyo gundi.

Jumatatu 24 Septemba

Luc, mdogo wa Hilaire, amepanda ndege ya Kinshasa na dosie, faili la kuombea mashine brevet. Anakwenda pia kwa biashara yake ya maharagwe, maana Luc haendi popote kwa shughuli moja. Hilaire alimshika mkono mlangoni.

"Luc, kwa simu hapana. Usiseme neno moja. Batu banasikiliza. Uniletee karatasi mukononi, na muhuri juu."

"Kaka, nimesikia."

"Hata mimi nikikuuliza, usiniambie."

"Nimesikia, Kaka!"

Mimi sina imani na Luc. Ni mtu wa maneno mengi na soda nyingi. Mama mkwe wangu, mama Kasoki, alimnyunyizia maji ya baraka mpaka shati likalowa.

Jumamosi 29 Septemba

Nyumba yetu iko karibu na uwanja wa ndege. Kila ndege ikishuka, Hilaire anaacha kazi na kutoka nje.

Alhamisi 4 Oktoba

Luc amepiga simu. "Niko muzima. Kinshasa kuna joto. Mambo ingine nitaleta mukononi." Kisha akauliza bei ya maharagwe. Hilaire alifurahi kwamba mdogo wake ni mtiifu. Mimi nilisema mtu asiye na habari ndiye anayesema atazileta mkononi.

Alhamisi 11 Oktoba

Leo sitaandika kwa mzaha.

Mama mmoja, Jolie, amejifungua posti. Ni wa milima ya Masisi, mume wake walipotezana njiani wakati wa kukimbia, na amefika kambini na shuka moja na mimba. Uchungu ulikuwa mrefu lakini ulikwenda vizuri, nami nilikuwa nikimtania kwamba mtoto anaogopa mvua. Mtoto wa kike akatoka. Mzito, mzuri, rangi ya buluu. Alikuwa amemeza maji yenye uchafu, mdomo na pua vimejaa. Nikachukua mpira wangu. Kiraka kikaachia.

Nikamnyonya kwa mdomo wangu. Nikatema, nikanyonya tena. Nikampuliza, nikamsugua mgongo, nikamwita. Alifungua mdomo mara moja kama anayetaka kusema kitu, na ndani kulikuwa kumejaa. Jolie alikuwa amenyanyuka kwa viwiko. "Mama, juu ya nini halii? Juu ya nini halii?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu jibu lilikuwa chini ya kitanda changu.

Nilimfunga mtoto katika kitambaa changu cha kichwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwenye mvua, bila kitambaa.

Ijumaa 12 Oktoba

Nilimwambia Hilaire yote. Nilimwambia hata uzito wa mtoto.

"Mutoto ya batu amekufa, Papa Bénie, na mashini iko chini yetu. Unalalaka namna gani?"

Aliitua bisibisi. "Mama Bénie, siku batu banaiona, njo siku inaacha kuwa yangu. Ile bomba ya bidoni, ulisahau? Bénie aliachaka masomo juu ya ile bomba."

Kweli, binti yetu Bénie aliacha shule ya Goma mwaka ule kwa kukosa karo, tukampeleka kwa shangazi yake Butembo. Sikuwa nimesahau. Lakini nilisema, "Bénie anapumua."

Akalia. Mume wangu analia kama anavyofanya kazi, bila kelele. Nilidhani sasa ataniambia beba. Alipangusa uso akasema tungoje ndege ya wiki hii, labda Luc yumo. Nilimchukia kabisa, na nilimwonea huruma, na vyote viwili havikunisaidia kitu. Ningeweza kuibeba alipotoka kwenda Birere kununua misumari. Niliinama, nikashika gunia. Nikaliachia. Ni kazi yake ya miaka, na mimi ni mke wake, si mwizi wake. Sijui kama hiyo ni heshima au ni woga.

Jumamosi 13 Oktoba

Luc hayumo.

Jumanne 16 Oktoba

Jolie hajaondoka posti. Anatuchotea maji, anafagia. Nilimwambia apumzike. Akasema akikaa kwenye turubai lake maziwa yanamwuma.

Jumapili 21 Oktoba

Sijui nicheke au nilie, na nyumba nzima haijui.

Leo ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kwa desturi ya parokia yetu, wakati wa matoleo wakulima wanapeleka altareni kabichi na maharagwe, wenye kuku wanapeleka kuku, na mafundi wanapeleka kazi ya mikono yao. Mama Kasoki alisema hajisikii vizuri, sisi tutangulie. Hilaire na mimi tukaketi upande wa kwaya. Maandamano yakaanza, ngoma, vigelegele, mama mmoja na nanasi kichwani. Nyuma ya nanasi nikaona gunia ninalolijua.

Mama mkwe alikuwa ameitoa mashine chini ya kitanda. Aliibeba kichwani mwenyewe, na umri ule, akicheza. Alipofika mbele akalivuta gunia kama anayemfunua bibi harusi. Padri Cyprien ni mtu wa udadisi. Akauliza ni nini, na mama Kasoki, ambaye nyumbani tunamdhani hasikii vizuri, akaeleza kila kitu: pampu iliyogeuzwa, chupa, kivalvu. Alieleza kupitia kipaza sauti. Padri akakunja kanzu, akakanyaga, akanyonya maji ya kunawia mikono yakapanda kwenye chupa.

"Ndugu zangu, muangalie! Kazi ya mikono ya mukristu mwenzenu!"

Kanisa zima likapiga makofi. Mbele yetu kijana alikuwa amenyoosha simu akipiga picha. Hilaire alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, uso umekwisha damu. Watu walikuwa wanamshika mabega kumpongeza.

Nyumbani alisema maneno machache tu. "Mama, umeniua."

"Nimekubariki," mama Kasoki akasema. "Kitu namna gani itabarikiwa, na iko chini ya kitanda? Mungu ataiona namna gani, na gunia juu? Juu ya ile njo Kinshasa haijibu. Sasa itajibu."

Alisema hivyo kwa furaha safi. Alikuwa ameipiga mashine mafuta ya mgando ing'ae.

Jumatatu 22 Oktoba

Hilaire amempigia Luc kumwambia aache, mambo yameharibika. Hakumaliza sentensi. Luc alimkatiza, "Kaka, kwa simu hapana! Wewe mwenyewe ulikataza," akakata. Hilaire akacheka, kicheko kibaya. Kisha akaniambia, bila kuniangalia, "Nenda kwa Padri, umuombe mashini. Kilichotolewa altareni si changu tena. Upeleke kwako."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo msimu mzima. Lilipokuja, halikuwa na ladha.

Jumatano 24 Oktoba

Padri ametuazima mashine ya parokia. Nimeifikisha posti juu ya pikipiki, nikaiweka kwenye meza, nikawafundisha wenzangu kukanyaga. Jolie alikuwa mlangoni na ndoo. Aliangalia chupa, mrija, mguu wangu unavyopanda na kushuka. Si mjinga. Alielewa kabla sijamaliza.

"Mama mukunga, hii mashini ilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema imeletwa leo na wazungu. Uongo huo ulifika hadi kwenye meno.

"Nyumbani kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mbele mvua ianze."

Aliitua ndoo taratibu, maji yasimwagike. Akasema, "Ah." Neno hilo tu. Akatoka.

Nilimfuata hadi kwenye turubai la tatu, kisha nikasimama. Ningemwambia nini? Brevet? Mtu ambaye hana hata karatasi ya kujitambulisha, nimweleze karatasi ya bomba la bidoni?

Alhamisi 25 Oktoba

Jolie amerudi na maji. Hakunisalimu. Amerudi.

Jumatano 31 Oktoba

Imefanya kazi! Mvulana, mama yake ni wa Bunagana, alizaliwa kimya kama yule mwingine. Nilikanyaga. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe kwa sababu zake hazikuwapo. Maji yakapanda kwenye chupa, kisha mtoto akapiga kelele za kutuziba masikio. Waliokuwa nje wakashangilia. Jolie ndiye aliyekuwa ameshika mrija. Mkono wake haukutikisika, lakini mtoto alipolia aliuachia na kwenda kusimama kwenye mvua.

Nilimwambia Hilaire. Akataka kujua kama kivalvu kilipiga filimbi. Nikasema ndiyo, kidogo. Akaamka, akaenda kuchora kingine kisichopiga filimbi. Alikuwa anatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mavuno.

Jumatano 7 Novemba

Mtoto mwingine. Jina lake wamempa Mashini. Nimewaomba wafikirie tena.

Alhamisi 15 Novemba

Waasi na jeshi wanapigana, mizinga upande wa Rumangabo tangu asubuhi. Kambini watu wanapika haraka, wanakula wakiwa wamesimama.

Jumapili 18 Novemba

Kambi imekwisha. Naandika na mikono ina matope bado, maji hayatoki.

Mizinga ilikaribia tukiwa katikati ya kuzalisha. Mama wa Rutshuru, mimba ya kwanza. Mtoto alitoka salama, hakuhitaji mashine, Mungu ashukuriwe. Kondo la nyuma lilikuwa bado linasita kutoka, mara huko nje zikaanza kelele, si za hofu mwanzoni, za kuitana majina. Nilipotoka mlangoni kambi yote ilikuwa imesimama na kutembea. Magodoro, mbuzi, sufuria zingali moto. Watu walikuwa wanang'oa turubai na kukunja bila hata kumwaga maji ya mvua yaliyotuama juu yake. Kwa saa moja mji mzima wa turubai ukawa mawe meusi na vijiti.

Mama yule hakuweza kutembea, damu ilikuwa bado inatoka. Wenzangu wawili walikuwa wameondoka na watoto wao, siwalaumu. Tulibaki Jolie na mimi, mama, mtoto, na mashine mezani.

Ndipo nikamwona Hilaire. Alikuwa anapanda barabara wakati dunia nzima inashuka, anasukuma chukudu, watu wanamtukana. Sikujua kama alikuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya mashine, na nakiri nilijiuliza hivyo hata wakati ule. Aliinyanyua mashine, akaifunga kamba kwenye chukudu vizuri, kama fundi. Kisha akamwona mama chini kwenye mkeka.

Aliangalia chukudu. Nafasi ni ya mzigo mmoja. Nilitaka kusema, na sikusema, kwa sababu safari hii nilitaka neno litoke kwake. Alifungua kamba. Akaiteremsha mashine, akaiegemeza ukutani, akaipa mgongo.

"Mumulete mama," alisema. "Pole pole. Mutoto kwanza."

Tukashuka. Hilaire alishika usukani, Jolie alimshika mama kiuno asianguke, mimi nilibeba mtoto kifuani. Breki yake ilishika vizuri kwenye mteremko. Tulipofika kwenye njia panda nilimwuliza kama tungeweza kurudi. Akasema, "Kurudi wapi?" Nikageuka. Barabara ilikuwa vichwa vya watu mpaka mwisho wa macho.

Nilimwambia Hilaire pia Jolie ni nani, kwamba ndiye mama wa yule mtoto wa kike. Nilidhani anapaswa kujua yuko na nani. Alisimama ghafla hadi walio nyuma wakatugonga. Kisha akaendelea kusukuma.

Jumanne 20 Novemba

Mji umechukuliwa na waasi. Tulikuwa chini ya meza. Mama Kasoki alisali rozari kwa sauti kubwa kuliko risasi.

Ijumaa 23 Novemba

Hakuna umeme. Hakuna maji, tunachota ziwani. Uwanja wa ndege umefungwa, anga kimya, na masikio yangu bado yanangoja. Kanisa limejaa wakimbizi wa kambini, na kila siku mtu anakuja kuniita. Naenda na mdomo wangu na kitambaa. Jana mmoja alilia, mmoja hakulia.

Jolie anakaa kwetu, na yule mama na mtoto wake pia.

Jumatatu 26 Novemba

Hilaire anatengeneza nyingine. Mbao ametoa kwenye mlango wa jikoni, pampu ametoa kwenye baiskeli yake. Kazi anafanyia uani, mbele ya kila mtu, na anayetaka kuangalia anaangalia. Amemwita fundi bati kutoka Birere akamwonyesha jinsi ya kugeuza ngozi ya pampu, ili naye atengeneze za upande wa pili wa mji. Nilimwangalia akieleza hadharani vitu alivyonikataza hata kuvitaja. Sijui mtu huyu alikuwa wapi mwezi wa kumi, wala sitamwuliza.

Jolie ndiye anayemshikia mrija wakati wa kukata. Hawaongei. Jana tu nilisikia amesema, "Muzee, hapa umekata mbaya," naye akakata tena.

Ijumaa 30 Novemba

Luc amepiga simu yangu, si ya Hilaire. Nilikuwa jikoni, kusiko na mlango sasa.

"Mulamu, sikia. Kaka alinikataza simu, lakini vita imeingia, nikasema munaweza kufa bila kujua. Dosie balishaipokea. Muhuri iko juu. Mashini ni yake, tangu ile siku ya depo, siku niliweka dosie, hata aionyeshe mbele ya dunia muzima!"

"Siku gani, Luc?"

"Le trois octobre, mercredi. Kesho yake nikawapigia, unakumbuka? Nilikuwa na furaha sana, nikauliza bei ya maharagwe tu. Karatasi iko ndani ya valizi, nangoja ndege."

Tarehe tatu Oktoba. Mtoto wa Jolie alizaliwa tarehe kumi na moja.

Sikumbuki nilimwambia nini Luc. Nadhani nilimshukuru. Nimemsema vibaya humu mara nyingi, na kumbe yeye ndiye peke yake aliyetii alivyoagizwa, neno kwa neno. Wote tulitii. Luc alimtii Hilaire, Hilaire aliitii sheria, mimi niliutii unyumba wangu. Ningelivuta lile gunia siku ile mtoto alipozaliwa, au siku moja kabla, asingepoteza mtu chochote.

Nilikaa jikoni mpaka sufuria ikaungua. Niliwaona uani: Hilaire amepiga magoti na kisu, Jolie amenyoosha mrija kati ya mikono yake miwili, kivalvu kipya kiko kwenye goti lake. Hilaire akainua kichwa.

"Nani alipiga simu?"

"Luc."

"Ameshasema kwa simu? Amesema nini?"

"Bamepokea dosie."

Alifumba macho. Midomo ilisogea, labda alikuwa anasali. Jolie alimwangalia, akaniangalia mimi, hakuelewa, akangoja kwa adabu.

"Lini?" Hilaire akauliza.

Meza ya kuzalishia, kiraka cha tairi, kitambaa changu cha kichwa, vyote vilinijia. Na mikono miwili ya Jolie ilikuwa bado imeshika mrija.

"Sikuuliza," nikasema.

"Si kitu," akajibu, akarudisha kisu kwenye alama. "Ndege zikianza, tutasoma kwa karatasi."

Uwanja bado umefungwa. Nimetoka mara mbili leo kuhakikisha.